Herufi Moja Haimpimi Mtu

Msomaji mpenzi, nakuandikia wewe uketiye darasani, si mzazi wako wala mwalimu wako, ingawa nao wakiyasoma maneno haya sitachukia. Nataka kubishana na neno moja linalosemwa katika shule zetu asubuhi na jioni. Limeandikwa kutani, limetangazwa gwarideni, limerudiwa mezani wakati wa chakula, hata hapana tena aulizaye kama ni kweli. Neno lenyewe ni hili: kwamba alama utakayoipata katika mtihani wa mwisho ndiyo maisha yako. Nasema neno hilo ni uongo. Wala si uongo mdogo wa kuchekesha, bali ni uongo unaodhuru. Na wadhurikao zaidi ni wale wale ambao unadai kuwasaidia.

Itazame siku ya matokeo. Mtahiniwa ameketi sebuleni na simu mkononi. Ujumbe unaingia. Mjomba anapiga simu kutoka mjini, hamwulizi hali, anauliza, "Umepata nini?" Jirani anavuka ua kuja kuomba chumvi, na kabla hajapewa chumvi anauliza, "Mtoto amepata nini?" Jua halijatua, na kijana aliyekuwa na jina, na kicheko chake, na ustadi wa mikono yake, amekwisha kugeuzwa kuwa herufi. Huyu ni B. Yule ni D. Herufi ambayo karani huiandika kwa mpigo mmoja wa kalamu imekuwa jina la mtu.

Wanaolishika neno hilo si maadui zako. Wengi wao wanakupenda kuliko unavyojua. Yuko mama aliyeuza ng'ombe wa mwisho ili karo ilipwe. Yuko baba anayepanda bodaboda za watu usiku wa manane. Haifai kuwadhihaki. Inafaa kuwasikiliza, kisha kuwajibu. Wana hoja tatu. Kwanza wasema kwamba kazi ni chache na nchi ni ngumu, basi asiyefika chuo kikuu amepotea. Pili wasema kwamba hofu ndiyo kiboko cha mvivu. Mwanafunzi asipotishwa hasomi. Tatu wasema kwamba mtihani haumpendelei mtu. Tajiri na maskini huandika karatasi moja, basi herufi ile ni kipimo cha haki.

Hoja ya kwanza ina ukweli ndani yake, nami sitaukana. Cheti hufungua mlango. Lakini fanya hesabu pamoja nami. Mwaka 2024 waliofanya mtihani wa KCSE walikuwa 962,512. Waliopata C+ na zaidi, ambayo ndiyo alama ya chini ya kumruhusu mtu kusomea shahada, walikuwa 246,391. Toa, utapata 716,121. Katika kila wanafunzi wanne walioketi kuandika, karibu watatu hawakufika hapo. Ikiwa ni kweli kwamba pasipo chuo kikuu hapana maisha, basi katika mwaka mmoja tu tumewatangazia vijana zaidi ya laki saba kwamba maisha yao yamekwisha kabla hayajaanza. Ni nani atakayesimama mbele yao aseme hivyo huku akiwatazama machoni? Na nani basi ajengaye nyumba zetu, atengenezaye magari yetu, avutaye nyaya za umeme, ashonaye sare unayoivaa? Watu hao wanaishi, wanaoa na kuolewa, wanasomesha watoto, wanawazika wazazi wao kwa heshima. Neno lisemalo kwamba hawana maisha hukanushwa kila asubuhi na mkono uliooka mkate unaoula.

Hoja ya tatu naijibu kabla ya ya pili, kwa sababu ni nyepesi zaidi. Wasema herufi ni kipimo cha haki. Mwaka 2015 wanafunzi zaidi ya 2,600 walipata A. Mwaka 2016 waliopata A walikuwa 141. Je, watoto wa Kenya walipumbaa kwa mwaka mmoja? Je, walinywa maji mabaya nchi nzima? La hasha. Katika mtihani wa 2015 karatasi ziliibwa na kuuzwa. Mwezi Machi 2016 bodi ya Baraza la Mitihani ilivunjwa, na namna ya kuulinda na kuusahihisha mtihani ikabadilika. Watoto walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni watu wazima. Hata kanuni ya kutafuta wastani ilibadilishwa mwaka 2023: tangu hapo ni Hisabati na lugha moja tu zilizo lazima kuhesabiwa, na pamoja nazo masomo mengine matano ambayo mwanafunzi amefanya vizuri zaidi. Mabadiliko hayo huenda yakawa mema. Ninachosema ni hiki: rula inayoweza kurefushwa na kufupishwa na mikono ya watu haiwezi kuwa kipimo cha thamani ya nafsi. Wala sijataja shule yenye maabara yenye vifaa vyote na shule ambayo darasa zima hulizunguka jiko moja la Bansen kama wasafiri wanaoota moto. Karatasi ni moja, lakini njia za kuifikia si moja.

Sasa hoja ya pili, nayo ndiyo inayonichoma, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa mtumishi wake. Mwaka wangu wa tatu wa kufundisha Hisabati nilibandika ukutani karatasi kubwa yenye majina yote ya kidato cha nne. Mbele ya kila jina palikuwa na alama ambayo mwanafunzi aliahidi kuipata, na kando yake alama aliyopata katika mtihani wa karibuni. Alama mbaya niliziandika kwa wino mwekundu. Nilijiona mwalimu hodari. Palikuwa na msichana mmoja katika darasa hilo ambaye alizoea kuniuliza maswali hata baada ya kengele kulia. Aliahidi B+. Mtihani wa mwigo ulimpa D+. Niliiandika kwa wino mwekundu, na darasa zima likaisoma.

Toka siku hiyo hakuuliza swali tena. Nilidhani amejitia bidii kimyakimya, nikamsifu moyoni. Baada ya wiki kadhaa mlezi wa bweni akaja kuniambia kwamba msichana yule halali usiku, chakula anakiacha, na kila Jumatatu asubuhi anatapika kabla ya gwaride. Ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Nilikuwa nimemfundisha kwamba kutojua ni aibu. Naye akafanya afanyavyo kila mwenye aibu, akakificha asichokijua. Na kisichojulikana kikifichwa, hakuna mwalimu duniani awezaye kukifundisha. Kiboko changu hakikumfukuza mvivu. Kilimfunga mdomo mwenye bidii.

Niliibandua karatasi ile, nikamwomba radhi mbele ya wenzake, kwa kuwa mbele yao ndipo nilipomkosea. Haikumponya kwa siku moja. Muhula mzima ulipita kabla hajanyosha mkono tena, na swali lenyewe lilikuwa dogo: "Mwalimu, kwa nini alama ya kutoa imegeuka kuwa ya kujumlisha?" Nimepokea majibu mengi sahihi maishani mwangu, hakuna lililonifurahisha kama swali lile. Najua sasa utaniuliza, "Hatimaye alipata nini?" Umeona? Sote tumezoea kuuliza hivyo. Sikwambii. Nimekwambia kwamba alirudi kuuliza, na hilo ndilo jambo.

Hofu kidogo humwamsha aliyelala. Hofu nyingi humfunga mikono aliye macho. Kila mwalimu amemwona mwanafunzi ajuaye jibu Ijumaa jioni akiwa na wenzake chini ya mti, naye Jumatatu mbele ya karatasi halioni tena, kana kwamba mtu amezima taa kichwani mwake. Hakuwa mjinga. Aliambiwa kwamba katika karatasi ile yumo baba yake, yumo mama yake, umo ukoo mzima na maisha yake yote. Nani awezaye kuandika vizuri na mzigo kama huo juu ya mkono?

Labda utasema, "Ni rahisi kwako, Mwalimu, wewe umekwisha kupata kazi." Basi sikiliza. Mimi nilifanya KCSE mwaka 2008 nikapata C+. Kwa kanuni nilistahili kusomea shahada. Lakini nafasi zilizolipiwa na serikali wakati huo zilikuwa chache, nazo zilichukuliwa na waliopata alama za juu zaidi. Waliokuwa na fedha walijilipia. Baba yangu hakuwa nazo. Nikaenda chuo cha ualimu kusomea stashahada. Siku ya kuondoka jamaa walikutana nyumbani kunipa nauli na maneno ya kuniaga, na mzee mmoja wa ukoo akasema, "Si kitu, angalau ualimu." Alinitakia heri, najua. Lakini neno hilo "angalau" nililibeba kama gunia la mawe. Chuoni nilijificha nisionane na wale tuliosoma nao. Niliandika barua za kujieleza ambazo sikuzipeleka.

Gunia lilianguka siku moja ya mazoezi ya kufundisha. Nilikuwa mbele ya darasa, chaki mkononi, nikieleza sehemu. Mvulana wa dawati la nyuma alikunja uso, kisha uso ukakunjuka, akasema kwa sauti, "Kumbe!" Neno moja tu. Sijapata kusikia neno tamu kuliko hilo. Nilitambua kwamba nilikuwa nimeingia mahali pangu kwa mlango ambao sikuuchagua. Sijasoma chuo kikuu hata leo. Wapo niliowafundisha walio na shahada. Tukikutana stendi ya mabasi hunisalimu, "Shikamoo, Mwalimu," na hakuna aliyewahi kuniuliza nilipata nini.

Hapa nisieleweke vibaya. Upo uongo wa pili, nao ni pacha wa ule wa kwanza. Huo husema, "Basi masomo si kitu. Tazama fulani, hakumaliza shule, naye ana magari matatu." Usidanganyike. Watu huhesabu aliyevuka mto kwa kuogelea, hawawahesabu waliozama. Mimi sikwambii uache kusoma. Nakwambia usome kwa sababu iliyo bora. Asomaye kwa hofu hutupa vitabu siku mtihani uishapo. Asomaye ili ajue, hubaki na alichokijua hata herufi ikimkosa. Na kwa ajabu ya mambo, huyo wa pili ndiye herufi humjia mara nyingi zaidi.

Basi ujiandae namna gani? Kwanza ijue njia, maana giza huzidisha hofu. Wengi huogopa chuo kwa kuwa hawajaelezwa jinsi watu wanavyoingia humo. Wastani si kila kitu. KUCCPS, shirika lililoundwa kwa sheria ya vyuo vikuu ya 2012, hutazama pia masomo manne yanayohusiana na kozi unayoiomba. Kwa hiyo wanafunzi wawili wenye B ile ile wakiomba uhandisi, aliye imara katika Hisabati na Fizikia huenda akapata, na mwenziwe akakosa. Tangu kidato cha tatu andika kozi tatu unazozipenda, kisha tafuta masomo ambayo kila moja inayataka. Usiandike udaktari kwa kuwa shangazi ameutaja, wala sheria kwa kuwa joho linapendeza. Uliza mtu afanyaye kazi hiyo siku yake huanza saa ngapi, na ni nini kinachomchosha.

Pili, zijue ngazi zote, si ya juu peke yake. Kwa kawaida mwenye C- anaweza kusomea stashahada, mwenye D anaweza kusomea cheti cha ufundi, na aliye chini ya hapo yako mafunzo ya ufundi wa mikono yaliyo wazi kwake. Kutoka cheti mtu hupanda hadi stashahada, na kutoka stashahada wengi hupanda hadi shahada. Ni njia ndefu, lakini ni njia. Aambiwaye kwamba pana mlango mmoja tu hukanyagana na wenziwe. Ajuaye kwamba ipo milango minne huenda kwa utulivu.

Tatu, lala. Najua shule ambazo kengele ya masomo ya alfajiri hulia saa kumi, na mwanafunzi asinziaye humwagiwa maji. Hiyo si bidii, ni upotevu wa mafuta ya taa. Mtu alalapo akili yake huyapanga yale aliyojifunza mchana. Amnyimaye mtoto usingizi ili asome ni sawa na mkulima afukuaye mbegu kila usiku kutazama kama zimeota.

Nne, na hili ndilo kubwa kuliko yote: usikae peke yako na hofu yako. Ukiona siku nyingi hulali, huli, huwezi kucheka na wenzako, au ukianza kujiambia kwamba ni afadhali usiwepo kuliko kurudi nyumbani na alama mbaya, huo si udhaifu wala si wendawazimu. Ni mzigo uliokuzidi, na mzigo uliomzidi mtu hutuliwa kwa kusaidiwa. Mwambie mwalimu wa ushauri, au mlezi wa bweni, au ndugu yako mkubwa, na mwambie leo. Ukikosa mtu, piga simu nambari 116, huduma ya watoto nchini Kenya. Hulipi chochote, na hupokewa usiku na mchana. Vijana wamezikwa katika nchi hii kwa sababu ya herufi. Hakuna mtihani uliotungwa na wanadamu unaostahili kaburi moja.

Na siku ya matokeo usiisubiri peke yako. Patana mapema na mzazi wako. Mwambie kwa adabu, "Mama, siku hiyo naomba neno lako la kwanza lisiwe swali." Wazazi wengi hawajapata kuombwa jambo hilo, wakiombwa hushangaa, kisha hukubali. Wao nao wanaogopa, msomaji. Aghalabu ukali wao ni hofu iliyovaa koti.

Huenda wewe usomaye ni wa mtaala mpya, ulioingia darasa la kumi kuanzia Januari 2026, ukachagua kati ya njia ya sayansi na uhandisi, njia ya sayansi ya jamii, na njia ya sanaa na michezo. Labda wadhani maneno haya yanawahusu kaka na dada zako tu, ambao kundi lao la mwisho limepangiwa KCSE mwaka 2027. Tahadhari. Mitaala hubadilika upesi. Mazoea ya watu hayabadiliki upesi. Nimekwisha kusikia wazazi wakisema kwamba njia ya sayansi ni ya wenye akili na njia ya sanaa ni ya waliobaki. Ni uongo ule ule, umebadilisha sare tu. Ukiusikia, ukatae kabla haujaota mizizi.

Wazee wetu walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Walimjua mhunzi. Walijua kwamba chombo kikivunjika, ustadi haukuvunjika nacho. Umo mikononi na kichwani mwa mtu, naye ataunda koleo jingine. Mtihani ni koleo. Ushike kwa nguvu, uutumie vizuri, usiuibe wala usiuogope. Ukishikilia, mshukuru Mungu uendelee kufua. Ukivunjika mkononi mwako, liinue jicho lako utazame: moto bado unawaka, chuma bado ni chekundu, na mhunzi angali hai.

Na kesho asubuhi darasani, pale usipoelewa, nyosha mkono ukaulize.